Mgeni wa Wiki Sita Alale Wapi?

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 alipokuwa akieleza misingi ya Ujamaa, ili kutukumbusha kwamba katika jamii ya asili kila mtu alifanya kazi, hata mgeni. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao hatuutaji mara nyingi. Aliyekabidhiwa jembe alikuwa amekwisha kuonyeshwa pa kulala na jiko la kupikia. Hakupewa jembe akaachwa alale chini ya mwembe. Kupewa jembe kulikuwa na maana kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni mwenyeji kwa muda.

Jiji la Dar es Salaam, ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake watu 5,383,728, linampa nini mgeni wake siku ya tatu? Linamdai fedha ya usiku mwingine. Siku ya nne linamdai tena. Siku ya arobaini linamdai vilevile, kwa bei ileile ya usiku wa kwanza, kana kwamba ndiyo kwanza ameshuka garini.

Ndugu msomaji, ukitaka kulielewa tatizo hili, chunguza vipimo ambavyo malazi hupimiwa katika jiji letu. Vipo viwili. Cha kwanza ni usiku mmoja: hicho ndicho kipimo cha gesti na hoteli. Cha pili ni miezi sita: hicho ndicho kipimo cha mwenye nyumba anayedai kodi ya nusu mwaka, na mara nyingine ya mwaka mzima, kabla hajakukabidhi ufunguo. Mtu anayekuja kwa usiku tatu ana pa kwenda. Mtu anayekuja kwa miaka mitatu naye ana pa kwenda. Lakini mtu anayekuja kwa wiki tano, sita au kumi, huyo jiji halina kipimo chake. Naye si mtu wa kubahatisha. Ni mgonjwa wa mkoani, ni mwalimu aliye masomoni, ni mkaguzi wa hesabu, ni mama aliyekuja kumwuguza mwanawe.

Nitaeleza kisa kimoja nilichokishuhudia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, alimleta mkewe katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Alikuwa amepewa rufaa kwa ajili ya tiba ya mionzi ya uvimbe wa kooni. Tiba ya namna hiyo hutolewa kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, na huweza kuchukua wiki tano hadi saba. Vitanda vya wodi huachiwa waliozidiwa. Anayeweza kutembea huja asubuhi, akapigwa mionzi, akaondoka. Aondoke kwenda wapi? Hilo daktari hawezi kuliandika katika cheti.

Mwalimu yule alishuka katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, usiku wa manane. Alikuwa na anwani ya gesti moja ambayo sitaitaja, nayo ilimpokea vizuri. Chumba kilikuwa kisafi, chandarua kilikuwapo, maji yalitoka. Juu ya mlango palibandikwa karatasi: NI MARUFUKU KUPIKA CHUMBANI. Kwa wiki mbili za mwanzo karatasi ile haikumsumbua, maana mkewe alikuwa bado anaweza kula wali wa mama ntilie. Wiki ya tatu koo likaanza kuungua, kama kawaida ya tiba ile. Mama wa watu akawa hawezi kumeza kitu ila uji mwepesi na mtori uliopondwa sana, kidogo kidogo, mchana na usiku. Je, ni mama ntilie gani anayepika uji saa nane za usiku? Mwalimu akanunua jiko dogo la umeme, akalificha chini ya kitanda. Siku ya nne mfagiaji akalikuta. Meneja akawaambia wafungashe virago.

Simlaumu sana meneja yule. Chumba chake hakikujengwa kwa ajili ya kupikia, na moto ukizuka angeulizwa yeye. Ninachokilaumu ni utaratibu unaomlazimisha mwalimu mwenye miaka zaidi ya ishirini ya utumishi kuficha jiko kama mwizi anavyoficha mali ya wizi, kwa kosa la kumpikia mkewe uji.

Wako watakaosema kwamba jiko ni anasa, na kwamba mtu wa kipato kidogo atosheke na kitanda. Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Tuseme chumba ni shilingi 30,000 kwa usiku. Wiki sita ni usiku 42, yaani shilingi 1,260,000. Watu wawili wakila milo mitatu kwa siku, kila mlo shilingi 3,000, ni shilingi 18,000 kwa siku, na kwa siku 42 ni shilingi 756,000. Jumla inafika shilingi 2,016,000, bila nauli wala dawa. Sasa wape watu hao jiko, sufuria mbili na mahali pa kuhifadhi mboga, watumie shilingi 8,000 kwa siku kwa unga, mchele, maharage, ndizi na mkaa au gesi. Chakula kitagharimu shilingi 336,000. Jiko peke yake limeokoa shilingi 420,000. Na kama chumba kingepangishwa kwa bei ya wiki au ya mwezi, nafuu ingekuwa kubwa zaidi, maana mwenye nyumba hashindi akibadilisha shuka kila siku wala kukaa na vyumba vitupu akingoja wateja. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba jiko ni chombo cha kubana matumizi. Anasa ni kumlazimisha maskini kula hotelini kwa wiki sita.

Wala wagonjwa si peke yao. Mtazame mwalimu anayejiendeleza, anayetumia likizo yake kuhudhuria mafunzo ya ana kwa ana na kufanya mitihani. Mtazame mkaguzi anayeletwa kukagua vitabu vya taasisi kwa miezi miwili. Mtazame mtumishi aliyehamishiwa jijini, ambaye fedha yake ya uhamisho bado iko njiani naye tayari ameripoti kazini na watoto watatu. Wote hao wanahitaji kitu kilekile: chumba kimoja au viwili vyenye kitanda, meza, choo na jiko, kwa bei ya wiki au ya mwezi, bila kununua samani na bila kulipa kodi ya nusu mwaka.

Mtu atasema: mbona vyumba hivyo vipo? Mbona Mikocheni, Masaki na Sinza zimejaa apatimenti zenye jiko, jokofu na mashine ya kufulia? Ni kweli zipo, na hapo ndipo penye uchungu. Kitu chenyewe kimekwisha kubuniwa, kimekwisha kujengwa, nacho kinafaa. Lakini kimejengwa kwa kumtazama nani? Nyingi kati ya nyumba hizo zimepangwa kwa kumfikiria mtaalamu wa kigeni na mfanyabiashara anayelipiwa na kampuni yake. Kwa miaka mingi bei zake zilitajwa kwa dola za Marekani katika nchi yenye shilingi yake. Serikali ilifanya vizuri ilipotoa kanuni za mwaka 2025 zinazokataza kutangaza bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Hata hivyo, kubadili maandishi ya bei kutoka dola kuwa shilingi hakuifanyi bei hiyo kuwa ya mwalimu.

Tena katikati ya mwenye nyumba na mgeni amejipenyeza mtu wa tatu, naye ni dalali. Hana nyumba, hafagii, hatengenezi bomba. Kazi yake ni kusimama mlangoni. Mgeni hutozwa fedha ya kuonyeshwa chumba hata kama hakukipenda. Wengine hutuma amana kwa simu kutoka mkoani, na wakifika wanaambiwa hakuna nyumba ya namna hiyo katika mtaa ule. Huu ni unyonyaji wa wazi, na unamnyonya mtu katika saa yake ya udhaifu mkubwa, akiwa na mgonjwa mkononi na mzigo begani.

Baadhi ya wasomi wetu watatuambia tusiwe na haraka, kwamba soko litajirekebisha lenyewe. Nawauliza: litajirekebisha lini? Soko humsikia mwenye fedha ya kupaza sauti. Mgonjwa wa wiki sita harudi mwaka ujao kuwa mteja wa kudumu, hana chama, hana wa kumsemea. Kwa nini basi soko limjengee yeye? Historia yetu wenyewe inatufundisha kwamba katika suala la makazi hatukungoja soko. Mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, tuliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa sababu lilitambua kwamba kodi ya nyumba ni mmoja wa mirija mirefu ya kumnyonya mnyonge. Mwaka 1971 majengo makubwa ya kupangisha, yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa mikononi mwa umma chini ya Msajili wa Majumba.

Haitupasi kusema kwamba hatua hizo hazikuwa na kasoro. Majengo mengi yalichakaa kwa kukosa matengenezo, na watumishi wengine waliyageuza kuwa urithi wa familia. Mwaka 1991 masharti yale ya uongozi yalilegezwa kule Zanzibar, na kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi. Nia ilikuwa kumpatia mtumishi makazi yake mwenyewe, na wapo waliofaidika kwa haki. Lakini nyumba iliyouzwa katikati ya jiji haimpokei tena mtumishi mgeni. Tuliuza ng'ombe, sasa tunanunua maziwa kwa kikombe.

Tutazame na wenzetu wanafanyaje. Watanzania waliopata kupelekwa India kwa matibabu, katika mji wa Chennai, wanaijua mitaa inayozunguka hospitali ya Apollo katika barabara ya Greams Road. Huko mgeni hupata chumba chenye jiko, akanunua mchele na samaki, akajipikia kwa muda wote wa tiba. Mumbai, katika eneo la Dadar, kuna nyumba ya hisani iliyopewa jina la mtakatifu Gadge Maharaj, ambayo kwa miaka mingi imewapokea wagonjwa wa saratani wanaotibiwa katika hospitali ya Tata Memorial. Na tusidhani kwamba hayo ni ya Asia peke yake. Marekani kwenyewe, kitovu cha ubepari, chama cha kupambana na saratani kilifungua nyumba ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1970 katika mji wa Charleston, nayo imefuatwa na nyingine nyingi zenye majiko ya pamoja, ambamo mgonjwa na mwuguzaji wake hulala bila kulipa. Ikiwa mabepari wameona kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa soko peke yake, sisi tunangoja nini?

Basi lifanyike nini? Napendekeza mambo manne.

Kwanza, mashirika ya umma yanayojenga yatenge sehemu ya majengo yao kwa ajili ya malazi ya muda wa kati. Uwezo tunao. Mwaka 2022 familia 644 za Magomeni Kota zilirudi katika maghorofa mapya yaliyojengwa na Serikali mahali pa nyumba zao za zamani. Katika mwaka huohuo Shirika la Nyumba lilizindua upya sera yake ya ubia, na sasa majengo yake ya zamani yanapisha maghorofa mapya, hasa Kariakoo. Je, ni jambo lisilowezekana kuweka sharti kwamba katika kila jengo la aina hiyo ghorofa moja iwe ya vyumba vyenye jiko, vya kukodishwa kwa wiki na kwa mwezi? Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili mtu mzima huweza kwenda kwa miguu.

Pili, fedha ya wafanyakazi iwatumikie wafanyakazi. Mifuko ya hifadhi ya jamii na vyama vya wafanyakazi wamejenga maghorofa katikati ya jiji kwa michango yetu. Mwalimu wa Nkasi amekatwa katika mshahara wake kila mwezi tangu alipoajiriwa. Ana haki ya kuuliza katika maghorofa hayo marefu kuna chumba gani ambacho yeye, mwenye mali, anaweza kulala na kupika uji kwa bei anayoimudu.

Tatu, halmashauri zitambue malazi haya kuwa aina yake yenyewe. Ziweke masharti ya usalama wa gesi na umeme, mlango wa dharura na kizima moto. Zimtake kila mwenye nyumba abandike mlangoni bei ya usiku, ya wiki na ya mwezi, kwa shilingi, na atoe stakabadhi. Bei ikiwa ukutani, dalali hana cha kuuza.

Nne, kila hospitali ya rufaa iwe na orodha ya nyumba zilizokaguliwa, ipelekwe katika hospitali za mikoa, ili mgonjwa apewe rufaa pamoja na anwani ya kufikia. Jambo hili la nne halihitaji saruji. Linahitaji karatasi, simu na mtu anayejali kazi yake.

Nasikia tayari jibu la kawaida: hakuna fedha. Lakini fedha tunazitumia. Kila mtumishi anayekaa jijini miezi miwili kwa kazi ya umma hulipwa posho ya kujikimu kwa hesabu ya kila usiku, na sehemu kubwa ya posho hiyo huishia katika sanduku la mwenye hoteli. Kama ofisi zingekuwa na vyumba vya pamoja vya kumlaza mtumishi huyo, fedha inayolipwa kwa mtu mmoja ingewatosha wawili.

Na hapa, ndugu zangu watumishi, hatuna budi kujisahihisha. Tumekuwa wepesi wa kudai hoteli yenye zulia, na wazito wa kukubali chumba chenye jiko, kwa kasumba kwamba mtu mwenye cheo hapiki. Wengine wetu hulala kwa shemeji na kuleta stakabadhi ya hoteli. Tabia hizo ndizo zinazoifanya nchi isione haja ya malazi ya heshima yenye bei nafuu. Aidha, wakati vyumba hivyo vitakapopatikana, tuvitunze. Tusigeuze chumba cha watu wawili kuwa cha watu wanane, tusiache gesi wazi, tusiondoke na sufuria. Majumba ya umma yaliyochakaa huko nyuma hayakuchakaa kwa mvua peke yake.

Yatupasa pia kumkumbuka ndugu wa mjini. Mpaka leo ndiye anayebeba mzigo ambao jiji limekataa kuubeba. Ni yule karani au mwuza duka wa Mbagala mwenye vyumba viwili, anayelaza watoto sebuleni ili mgonjwa wa kijijini apate kitanda. Undugu huo ni fahari yetu, wala tusiuache. Lakini si haki kuugeuza undugu wa mtu wa kima cha chini kuwa ndiyo sera ya malazi ya jiji zima.

Namaliza kwa kurudi kwa mwalimu wetu. Baada ya kufukuzwa gesti alizunguka siku nzima, mkewe ameketi kivulini penye geti la hospitali. Jioni mtu mmoja akampeleka Ilala kwa mama mmoja mjane mwenye nyumba ya vyumba sita. Mama yule alimtazama mgonjwa, akasema: “Mwalimu, chumba kile pale, na jiko lile uani. Mkaa ni juu yako. Utanilipa kwa wiki.” Wakakaa wiki nne. Mke akanywa uji kila alipouhitaji, akamaliza mionzi yake yote bila kukatiza, wakarudi Nkasi.

Mama yule hakuwa na shahada ya mipango miji. Alimpa mgeni kile ambacho methali ya wahenga ilidai apewe: pa kulala, pa kupikia, na heshima ya kujihudumia mwenyewe. Alichokifanya mjane mmoja wa Ilala kwa chumba kimoja, je, mashirika ya umma, mifuko na halmashauri za jiji zima haziwezi kukifanya kwa vyumba elfu? Wanaohusika watujibu.